Mficha Uchi Hazai: Daktari, Mgonjwa na Suala la Uzazi

Methali isemayo "Mficha uchi hazai" imezoeleka mno madarasani hata makali yake yamefifia. Mwalimu huitaja, wanafunzi huandika maana yake daftarini, kwamba mwenye shida asiyeieleza hapati msaada, kisha somo huendelea. Lakini methali hii ina mahali pake pa asili. Imetoka katika chumba cha mkunga, ambako mwanamke mwenye uchungu hana budi kuiweka kando aibu yake ili mtoto apate njia. Makala haya yanakusudia kuirudisha karibu na hapo ilipotoka, yaani kwenye uzazi na kwenye tiba, na kuuliza jambo ambalo wahenga hawakulazimika kuliuliza: itakuwaje ikiwa anayeficha ni mganga mwenyewe?

Suala lenyewe ni hili. Mtu mwenye saratani hufika mbele ya daktari. Tiba itakayomponya, iwe ya dawa, ya kisu au ya mionzi, yaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Daktari analijua jambo hilo, mgonjwa halijui. Je, daktari anawajibika kulisema kabla tiba haijaanza, hata pale ambapo mgonjwa yu hoi, fedha hazipo, na chombo cha kuhifadhi mbegu kiko ng'ambo ya mpaka? Au katika hali kama hiyo kunyamaza ndiyo huruma?

Mimi naandika kutoka Ruziba, kusini mwa jiji la Bujumbura, kando ya barabara iendayo Rumonge, karibu na maji ya Ziwa Tanganyika. Watu wa huku husema Kirundi nyumbani, hutumia Kiswahili sokoni na ufukoni wanaponunua ndagala kwa wavuvi, na hukutana na Kifaransa kwenye karatasi za hospitali. Kwa hiyo mgonjwa wetu hupita katika lugha tatu kabla hajaufikia ugonjwa wake mwenyewe. Hii ndiyo sababu suala ninalolileta, ingawa ni la madaktari, ni la walimu wa lugha pia.

Jinsi tiba inavyogusa uzazi

Neno saratani tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Jina limefaa, kwa kuwa ugonjwa hushika na kubana. Ila ni lazima tuongeze kwamba tiba yake nayo ina magando. Dawa nyingi za saratani huua chembe za mwili zinazogawanyika upesi, maana huo ndio mwenendo wa saratani. Lakini dawa haina macho ya kuchagua, nayo hugusa vilevile mizizi ya nywele, uboho wa mifupa na viungo vya uzazi.

Kwa mwanamke hasara yaweza kuwa kubwa kwa sababu akiba yake haiongezeki. Huzaliwa na mayai yapatayo 1,000,000 au 2,000,000. Afikapo kubalehe hubakiwa na kiasi cha 300,000 au 400,000, wala mwili hautengenezi mengine. Dawa kama siklofosfamidi hupunguza akiba hiyo. Yamkini hedhi itarudi baada ya matibabu, naye akadhani yote yamekwisha salama, kumbe muda wake wa kuzaa umefupishwa kwa miaka. Umri nao una neno: msichana wa miaka 15 huvumilia dozi ambayo ingemaliza akiba ya mwanamke wa miaka 40. Mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga, kama ile ya kutibu saratani ya mlango wa kizazi, huharibu ovari na kizazi chenyewe. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya tangu abalehe, lakini chembe zile zinazozaa mbegu zikifa, kiwanda kimefungwa.

Si kila tiba inayoleta hasara hiyo, na hapa pana somo. Mwaka 1956 huko Marekani madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz walieleza jinsi walivyotumia dawa iitwayo methotreksati kutibu saratani inayotokana na kondo la mimba. Kabla ya hapo wanawake wengi wenye ugonjwa huo walitolewa kizazi na bado wakafa. Baada ya hapo wengi walipona na kizazi chao wakabaki nacho, na wengi miongoni mwao wakazaa. Basi anayesema kwamba saratani na uzazi havipatani kabisa amekosea, kama alivyokosea anayesema kwamba havigusani.

Historia ya tiba hii ina mizizi katika eneo letu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu saratani hiyo, nacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Uvimbe uliokuwa umefunika jicho la mtoto uliweza kuyeyuka kwa siku chache kwa dawa ile ile ya siklofosfamidi. Watoto waliokuwa wakizikwa wakaanza kupona. Na mtoto aliyepona hukua, akaoa au akaolewa, akafika siku ya kuuliza habari za watoto wake mwenyewe. Kwa maana hiyo suala la uzazi limeletwa na mafanikio ya tiba. Maadamu wagonjwa wote walikufa, hapakuwa na haja ya kuliuliza.

Ujuzi wa kuhifadhi mbegu nao si wa jana. Watoto wa kwanza waliotokana na mbegu za kiume zilizogandishwa walizaliwa Marekani katika miaka ya 1950. Mwaka 1984 alizaliwa Australia mtoto aliyetokana na mimba changa iliyogandishwa, na mwaka 1986, huko huko, akapatikana aliyetokana na yai lililogandishwa. Mwaka 2004 mjini Brussels, Ubelgiji, daktari Jacques Donnez na wenzake walitangaza kuzaliwa kwa mtoto wa mwanamke ambaye mwaka 1997, kabla ya kutibiwa saratani ya limfu, alikatwa kipande cha ovari kikahifadhiwa katika baridi, kisha akarudishiwa alipopona. Mwaka huo huo wa 2004 Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, na Nairobi ikafuata mwaka 2006. Na katika mwaka huo wa 2006 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo unaowataka madaktari wazungumze na wagonjwa kuhusu uzazi mapema iwezekanavyo, kabla tiba haijaanza. Mwongozo huo umekuwa ukihuishwa tangu wakati huo.

Hoja za wanaonyamaza

Ingekuwa dhuluma kuwahukumu madaktari wanaonyamaza bila ya kusikiliza hoja zao, maana hoja hizo zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba uhai hutangulia. Katika nchi zetu hata tiba yenyewe ni adimu. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi iliyokuwapo Uganda iliharibika, na nchi nzima, pamoja na wagonjwa wa nchi jirani waliokuwa wakiitegemea, ikabaki bila tiba hiyo. Wagonjwa wa Burundi nao kwa miaka mingi wamelazimika kuvuka mpaka kutafuta mionzi, wakienda Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na, tangu 2019, Kigali. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa arobaini na dawa za kumi atauliza: mnanitaka nizungumze na mtu habari za watoto atakaowazaa miaka mitano ijayo, ilhali sijui kama atafika Ijumaa?

Ya pili ni kwamba kumwonyesha mtu chakula asichoweza kukinunua ni kumwongezea njaa. Mbegu huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mwenyewe hulipia mwaka hadi mwaka. Kumweleza mkulima wa Bujumbura Vijijini habari hiyo, wasema, ni ukatili uliovaa nguo ya haki.

Ya tatu ni hofu kwamba mgonjwa atakimbia. Akisikia kuwa dawa itamkosesha watoto ataondoka, ataenda kwa waganga wa mizizi, na atarudi wakati hakuna la kufanya.

Ya nne haisemwi sana lakini ipo, nayo ni adabu. Daktari kijana aseme vipi na mzee wa watu habari za manii yake? Amwulize vipi msichana ambaye hajaolewa, tena mbele ya mama yake, kama anataka kuzaa?

Sitara na ufichaji

Hoja hizi zote, nionavyo mimi, zinachanganya mambo mawili ambayo lugha yetu imeyatenganisha vizuri, yaani sitara na ufichaji. Kumsitiri mtu ni kumfunika mbele ya wengine. Jambo ni lake, analijua, nawe unamlinda lisitangazwe. Ufichaji wa daktari ni kinyume cha hayo: jambo ni la mgonjwa, wengine wanalijua, naye peke yake ndiye hajui. Muuguzi anajua, mfamasia anajua, jalada la hospitali linajua. Mwenye mwili hajui. Kitendo kama hicho hakiwezi kuitwa sitara hata kikifanywa kwa sauti ya upole.

Tena kimya hiki hakiachi mambo kama yalivyo. Lau ingekuwa mgonjwa aweza kuambiwa mwakani na achague mwakani, tungeweza kusema kwamba daktari ameahirisha tu. Lakini mara nyingi nafasi ya kuchagua huisha dawa ya kwanza inapoingia mshipani. Mbegu za mwanamume hazina budi kuchukuliwa kabla ya hapo. Mayai ya mwanamke huhitaji kiasi cha wiki mbili za matayarisho, nazo ni kabla ya hapo. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo daktari anayenyamaza amekwisha kuamua kwa niaba ya mwenzake. Hapa Burundi tuna desturi ya bashingantahe, wazee wa haki ambao hawatoi hukumu kabla ya kumsikiliza kila mhusika. Mtu aliyeamuliwa suala la watoto wake bila kuulizwa amehukumiwa asiposikilizwa, na hakuna mushingantahe ambaye angeikubali hukumu hiyo.

Tumfikirie kijana mvuvi, mwenye umri wa miaka 23, aliyepatwa na saratani ya limfu. Ametibiwa, amepona, amerudi ziwani. Anaoa. Mwaka unapita, na wa pili, na wa tatu. Hakuna anayemtazama yeye, kwa kuwa amerudi na nguvu zake na anavuta nyavu kama wenzake. Macho yote ni kwa mke. Mama mkwe anauliza, majirani wananong'ona, dawa za mitishamba zinanunuliwa na kunywewa na mwanamke asiye na ugonjwa wowote. Mwishowe anaitwa tasa na kurudishwa kwao. Je, yule daktari aliyenyamaza alimhurumia nani? Kimya chake kilimpita mgonjwa kikamwangukia mtu ambaye siku ile hakuwapo hata chumbani. Kama kijana angeambiwa, labda angeuza nyavu apate nauli ya kwenda Kampala au Nairobi kuhifadhi mbegu. Labda angesema hapana. Lakini angejua, na alipokwenda kuposa angeweza kumwambia mchumba wake, naye mchumba angechagua akiwa na macho.

Hapa ndipo hoja ya pili inapoanguka. Wanaosema kwamba hakuna faida ya kumwambia maskini hudhani kwamba faida ya neno ni kununua kitu tu. Mtu huhitaji kujua hasara yake hata asipoweza kuizuia. Aliyefiwa hurudishiwi maiti yake ikiwa hai, lakini hatuwezi kumnyima habari za msiba kwa kuwa hana la kufanya. Tunamwambia ili aomboleze, apange maisha yake, na asimlaumu asiye na kosa.

Juu ya hofu ya kukimbia nakiri kwamba hatari ipo. Wako watakaokimbia. Lakini mgonjwa aliyefichwa naye hukimbia, akisha kusikia kisimani au kwenye gari la abiria yale aliyofichwa hospitalini. Na huyo hukimbia na wenzake, kwa sababu hadithi yake huenea. Neno lililosemwa vizuri, likiambatana na sababu za tiba na ahadi ya kutomwacha, hushikilia watu zaidi kuliko hila.

Iko mipaka, nayo ni haki kuitaja. Mtu anayeletwa akivuja damu, au mwenye saratani ya damu ambayo haiwezi kungoja hadi kesho, atibiwe kwanza na aambiwe mara awezapo kusikia. Vilevile yuko mgonjwa asemaye, "Muganga, mambo mengine usiniambie." Hiyo ni haki yake pia. Ila ni lazima aulizwe kama anataka kujua, maana asiyeulizwa hakukataa.

Yaliyo karibu na mkono

Kosa jingine la wanaonyamaza ni kudhani kwamba kuhifadhi uzazi ni kugandisha tu. Yapo mambo mengine ambayo hayahitaji naitrojeni. Kabla ya mionzi ya nyonga, mpasuaji aweza kuziinua ovari na kuzishona juu zaidi, mbali na njia ya mionzi. Korodani za mwanamume zaweza kukingwa kwa risasi, ile madini nzito, wakati mionzi inapoelekezwa mahali pa jirani. Pakiwa na dawa mbili zinazofanana nguvu, daktari aweza kuchagua ile isiyodhuru sana uzazi. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni adui mkubwa wa wanawake wa Afrika Mashariki, ikigunduliwa mapema kabisa yaweza kukatwa kwa kutoa kipande kidogo tu na kizazi kikabaki. Daktari Mfaransa Daniel Dargent alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba hata ikiwa imeendelea kidogo, wanawake wengine waweza kutolewa mlango wa kizazi na kuachiwa kizazi chenyewe. Mazungumzo ya uzazi basi yanaanza kabla ya saratani kuwa kubwa, pale mwanamke anapohimizwa kupimwa.

Kuna na jambo dogo ambalo huleta madhara makubwa lisiposemwa. Utasa baada ya dawa si jambo la hakika. Mgonjwa anaweza kupata mimba akiwa katika tiba, na dawa zikamdhuru mtoto. Kwa hiyo daktari anapaswa kusema mawili kwa pamoja: kwamba uzazi huenda ukapotea, na kwamba wakati wa matibabu mgonjwa ajikinge na mimba.

Dini nazo zina sauti katika suala hili, na daktari hana ruhusa ya kujibu kwa niaba yake. Mwaka 1980 Al-Azhar ya Misri ilitoa fatwa iliyoruhusu kutunga mimba nje ya mwili ikiwa mbegu na yai ni vya mume na mke walio katika ndoa. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa mwaka 1987, lilikataa njia hiyo. Mwislamu wa Buyenzi na Mkatoliki wa Ruziba huenda wakafikia uamuzi tofauti. Lakini kuinua ovari kabla ya mionzi hakuna ugomvi huo, na hata pale ugomvi ulipo, atakayekwenda kumwuliza shehe au padri ni yule aliyeambiwa kwamba kuna la kuuliza.

Maneno tuliyo nayo

Sasa nifike kwenye shamba letu wenyewe. Daktari aliyekubali kusema atasema kwa maneno gani?

Tazama neno kizazi. Kwa Kiswahili ni kiungo ndani ya mwili wa mwanamke, na pia ni watu wa rika moja wanaofuatana na wa rika jingine. Daktari anaposema "Tutaondoa kizazi", yeye anafikiri juu ya kiungo chenye ukubwa wa ngumi. Mama anayesikiliza huenda akasikia kwamba ukoo unang'olewa. Maana zote mbili ni sahihi. Msemaji mwenye busara atajua kwamba zote mbili zimeingia chumbani, na atazishughulikia zote.

Tazama tena mgumba na tasa. Kirundi kina ingumba, ndugu wa neno letu mgumba. Maneno haya hayabebi habari tu, yanabeba fimbo. Mwanamke akiitwa tasa hajapewa taarifa, amepewa hukumu. Tasa hutumika hata kwa mnyama jike. Mtu aliyepoteza uzazi wake katika kupigania uhai hastahili jina hilo. Heri kusema wazi, "Dawa hizi zaweza kuzuia kuzaa," kuliko kutafuta neno moja fupi ambalo limezoea kutukana.

Na yako maneno yanayochanganya. Mwanamume akiambiwa kwamba dawa "itaharibu uzazi" mara nyingi husikia kwamba nguvu zake za kiume zitakwisha, naye huogopa kuitwa hanithi. Haya ni mambo mawili. Mtu aweza kuwa na nguvu zote na asiwe na mbegu. Sentensi moja ya kuyatenganisha ingewaokoa wengi na hofu isiyo na msingi.

Mfano wa usemi wa kufaa ni kama huu. "Ndugu yangu, dawa tutakazokupa zinapigana na ugonjwa wako, na tuna tumaini nazo. Lakini zaweza kuua mbegu za uzazi. Hazitaondoa uanaume wako. Kabla hatujaanza nataka kujua: je, ungependa kupata mtoto siku za mbele? Kuna mambo tunayoweza kuyafanya sasa ambayo hatutaweza kuyafanya baadaye. Mengine yanahitaji fedha na safari, mengine hayahitaji. Hulazimiki kujibu leo, lakini jibu la kesho litanifaa kuliko la wiki ijayo." Hapo hakuna neno gumu hata moja. Mwanafunzi wa shule ya msingi angelielewa.

Lakini maneno mazuri hayatoshi kama msikilizaji si yule anayehusika. Katika hospitali zetu mara nyingi anayefasiri ni jamaa aliyemsindikiza mgonjwa. Mama mkwe akifasiri habari za uzazi wa mkaza mwanawe, amepewa silaha. Mtoto akifasiri habari za mwili wa mama yake, wote wawili wameaibishwa, na tafsiri itapungua kwa kila neno linalomtia haya. Ndipo sitara ya kweli inapotakiwa: mgonjwa azungumze na daktari peke yake kwanza, na mfasiri awe mtu wa kazi hiyo, kisha mgonjwa mwenyewe aamue ni nani wa nyumbani atakayejua.

Asidhaniwe kwamba mtu ni watoto wake

Nahitaji kutaja hatari moja ya upande wa pili. Katika jamii zetu mwanamke hupoteza jina lake akawa Mama Fulani, na mwanamume akawa Baba Fulani. Bi harusi huombewa azae wavulana na wasichana. Haya ni mema. Lakini daktari akizungumza kana kwamba bila mtoto maisha hayana thamani, atakuwa ameongeza saratani ya pili. Anayeuliza "Je, ungependa kuzaa?" lazima awe tayari kusikia hapana, na kuiheshimu kama angeheshimu ndiyo. Utu wa mtu hauko katika ovari wala katika korodani. Wako watu katika kila mtaa wetu ambao hawakuzaa na wamelea nusu ya mtaa.

Kwa sababu hiyo hiyo daktari asibague wa kuwauliza. Msichana asiyeolewa huachwa kwa ajili ya adabu, mama wa watoto wanne huachwa kwa kudhaniwa kwamba amekwisha tosheka, maskini huachwa kwa kudhaniwa kwamba hana fedha, na mtoto huachwa kwa kuwa ni mtoto, hali wazazi wake wapo. Kila mmoja amehukumiwa kwa kukisiwa. Bibi wa watoto wanne aweza kuwa anataka wa tano, na maskini aweza kuwa na ukoo ambao ungechanga.

Kazi yetu walimu

Walimu wenzangu, hatuwezi kuziletea hospitali zetu mashine, lakini maneno ni mali yetu. Tunafundisha mazungumzo ya sokoni, ya stesheni na ya posta. Tufundishe pia mazungumzo ya hospitalini, mwanafunzi mmoja akiwa mganga na mwingine mgonjwa, kwa lugha safi isiyo na matusi wala mafumbo. Tufundishe majina ya viungo vya uzazi pasipo kucheka na pasipo kunong'ona, kwa kuwa mtoto anayejua kwamba sehemu ya mwili wake haina jina la heshima atakua mtu mzima asiyeweza kumwambia daktari panapomuuma. Na katika miji yenye shule za wauguzi, tujitolee kukaa nao na kutafuta pamoja namna ya kuyasema mambo haya kwa Kiswahili na kwa Kirundi, kabla hayajasemwa vibaya au hayajasemwa kabisa.

Tutakapoifundisha tena methali ya "Mficha uchi hazai," tuwaulize wanafunzi ni nani katika chumba kile anayeombwa asifiche. Kwa muda mrefu tumemwelekeza mgonjwa peke yake avue aibu yake. Mganga naye ana lake la kufunua, nalo ni lile analolijua juu ya mwili wa mwenzake.